Waya Mweusi Una Maana Ngapi? Istilahi za Umeme katika Ufungaji wa Feni za Kasha la Mchezo, Migori na Homa Bay

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi za umeme kwa kutumia mfano mmoja wa kazi ya karakana: kufunga feni za kupozea za kasha kuukuu la mchezo wa video linalofufuliwa. Mfano huo umewekwa katika mazingira ya Migori na Homa Bay, ambako Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania hukutana na Kidholuo, Kisuba na Kikuria. Hoja kuu ni kwamba jina linalotaja sura ya kitu badala ya kazi yake huweza kuleta hasara, na wakati mwingine mauti. Makala yanaeleza aina za feni, utata wa rangi za nyaya na hatua za kufunga feni kwa usalama, kisha yanapima istilahi zinazotumika na zinazopendekezwa.

1. Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba utata ni hali ya neno au tungo kuwa na maana zaidi ya moja. Mifano ya darasani ni ile ile: paa, kaa, mbuzi, tembo. Mwanafunzi akikosea maana ya 'paa' hupoteza alama moja au mbili. Mwanagenzi wa ufundi akikosea maana ya 'waya mweusi' huunguza mashine, na huenda akapoteza maisha. Hii ndiyo sababu ya kuutazama uundaji wa istilahi kwa jicho la fundi.

Si ajabu kwamba taaluma ya istilahi ya kisasa ilitokana na umeme. Eugen Wüster wa Austria, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa nadharia ya istilahi, alikuwa mhandisi, na kazi yake ya mwaka 1931 ilihusu usanifishaji wa lugha ya ufundi, hasa ufundi wa umeme. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, iliyoundwa mwaka 1906, ilitoa msamiati wake wa kwanza mwaka 1938. Wüster alishikilia kwamba dhana hutangulia jina: kwanza dhana ibainishwe na kutengwa na jirani zake, ndipo itafutiwe jina. Msimamo huo ndio unaoongoza mjadala huu.

2. Mazingira ya lugha

Eneo lililojulikana zamani kama wilaya ya Nyanza Kusini leo limo katika kaunti za Homa Bay na Migori. Umeme una historia ndefu huko. Kituo cha Maporomoko ya Gogo katika mto Kuja, ambao pia huitwa Gucha, kilijengwa miaka ya 1950 kikiwa na uwezo wa megawati 2, ili kuhudumia mgodi wa shaba wa Macalder. Mji wa Migori umo kwenye barabara kuu itokayo Kisii kwenda Isebania, na ng'ambo ya mpaka ni Sirari, Tanzania. Homa Bay uko kwenye ufuo wa ziwa Victoria. Kidholuo ndiyo lugha yenye wasemaji wengi. Kisuba hupatikana upande wa ziwa, na Kikuria huzungumzwa pande zote mbili za mpaka.

Katika mazingira hayo dhana moja hubeba majina kadhaa. Mkenya husema 'stima' pale Mtanzania anaposema 'umeme'. 'Stima' limetoholewa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya mvuke, na kabla ya kuhusishwa na taa lilikuwa jina la meli iendeshwayo kwa mvuke. Kwa hiyo katika mji wa bandari kama Homa Bay neno hilo lingeweza kumaanisha chombo kilichotia nanga au nguvu iliyowasha taa za gati. Mafundi wa pande zote huelewa pia neno 'moto' kwa maana ya umeme. Msemaji wa Kidholuo haoni ugeni wowote hapo, kwani katika lugha yake 'mach' ni moto, na neno hilo hilo hutumika kwa taa na umeme.

Upande mwingine, vitabu vya mafunzo ya ufundi nchini Kenya kwa kiasi kikubwa vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali maelekezo ya karakana hutolewa kwa mdomo, kwa Kiswahili au lugha ya mama. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hadhi hiyo haijawa na uzito mkubwa katika karakana, ambako mwanagenzi husoma jambo kwa lugha moja na kuelekezwa kwa nyingine. Pengo kati ya lugha hizo ndipo ajali hujificha.

3. Kasha la mchezo na joto lake

Kasha la mchezo ni sanduku refu la mbao lenye kioo cha televisheni, vishikio, vitufe na tundu la sarafu. Michezo ya aina hii ilienea duniani baada ya Pong ya mwaka 1972, Space Invaders ya mwaka 1978 na Pac-Man ya mwaka 1980. Makasha mengi yalitengenezwa Marekani na Japani. Katika miji ya Kenya vijana wengi waliufahamu mchezo wa video kupitia mashine ndogo iliyounganishwa na televisheni katika chumba cha kulipia. Kasha kamili lilikuwa nadra. Hata hivyo feni za kasha si za kasha peke yake. Feni za aina hiyo hiyo zimo katika kompyuta kuukuu, vikuza sauti vya kumbi za muziki na mashine za kulehemu ambazo hufika mezani kwa fundi yeyote wa Migori. Kasha limechaguliwa hapa kwa kuwa linaikusanya mifumo yote ya umeme katika sanduku moja.

Ndani ya kasha, bomba la kioo, transfoma na saketi hutoa joto. Hewa yenye joto hupanda, kwa hiyo feni ya kutoa hewa hufungwa juu na tundu la kuingizia hewa huachwa chini. Feni mbili zikielekezana, kila moja huzuia hewa ya mwenziwe na joto husalia palepale. Ndiyo sababu feni nyingi huchorwa mishale miwili kwenye fremu: mmoja huonyesha upande wa kuzunguka, wa pili upande ambako hewa hutokea. Kandokando ya ziwa kuna tatizo la ziada. Vijidudu vya ziwani huruka makundi kwa makundi kama mawingu ya moshi, huvutwa na taa, na hufia penye mwanga. Tundu la chini lisipofunikwa kwa wavu mwembamba unaosafishwa mara kwa mara, mapanga ya feni hujaa uchafu na kasi hupungua.

4. Aina mbili za feni

Aina ya kwanza ni feni ya mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Huwa na fremu ya chuma na nyaya mbili, na hupata umeme wake kutoka ukutani au kwenye transfoma. Aina ya pili ni feni ya mkondo mnyoofu, ambayo kwa kawaida ni ya volti 12. Fremu yake aghalabu ni ya plastiki, nayo hulishwa na kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo.

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60. Wa Japani ni wa volti 100. Feni yenye kibandiko cha 'volti 115, hezi 60' ikiunganishwa moja kwa moja na soketi ya Homa Bay hupata zaidi ya mara mbili ya volti yake. Kwa kuwa joto la waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti, volti ikirudufiwa joto huwa takriban mara nne, na katika mota huweza kuzidi hapo. Koili huungua baada ya muda mfupi.

Dawa ya kwanza ni transfoma ya kushusha volti 240 hadi 120. Ikumbukwe kwamba transfoma hubadili volti tu; hezi husalia 50. Feni ya hezi 60 hupungua kasi kwa karibu sehemu moja ya sita, na mota yake huweza kupata joto zaidi. Kibandiko kikitaja hezi 50/60, hakuna tatizo. Kikitaja 60 pekee, ni busara kutafuta feni nyingine.

Mafundi wengine hufunga feni mbili zinazofanana kwa mfuatano, ili kila moja ipate nusu ya volti 240. Mbinu hii hufanya kazi mradi feni zote mbili ziko sawa. Moja ikikwama au ikizeeka, mgawo wa volti huacha kuwa nusu kwa nusu. Na waya wa moja ukikatika, zote husimama. Kasha linaloachwa likifanya kazi kutwa halipaswi kutegemea mbinu hiyo.

5. Utata wa waya mweusi

Hapa ndipo lugha na umeme hukutana. Tuseme fundi anamwambia mwanagenzi: 'Ule mweusi uunge na mweusi.' Sentensi ni sahihi kisarufi na upatanisho wake hauna kasoro. Lakini ndani ya kasha la Kimarekani lililomo katika nyumba ya zamani ya Kenya, 'mweusi' una maana tatu.

Kwanza, katika kuta za nyumba zilizowekwa umeme kwa desturi ya zamani ya Uingereza, waya mwekundu ni laivu, mweusi ni nyutro na wa kijani ni athi. Pili, katika nyaya za kasha lililotoka Marekani, mweusi ni laivu, mweupe ni nyutro na wa kijani ni athi. Tatu, katika feni ya mkondo mnyoofu, mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi, na wa manjano, ukiwepo, hupeleka ishara ya kasi. Feni huzunguka bila waya huo. Kuna na mfumo wa nne, wa nyaya za vifaa vya kisasa na nyumba mpya, ambamo laivu ni kahawia, nyutro ni samawati na athi ina mistari ya kijani na manjano. Mfumo huo umemwondoa mweusi katika kazi ya nyutro, lakini haujaziondoa kuta za zamani.

Mwanagenzi aliyezoea kuta za zamani ataufunga waya mweusi wa kasha kwenye ncha ya nyutro ya plagi. Kasha litawaka, feni zitazunguka, na kila mtu ataamini kazi imekamilika. Kosa limejificha kwenye swichi na fyuzi za kasha, ambazo zimewekwa katika waya mweusi kwa kuwa mtengenezaji aliufanya laivu. Sasa zinakata nyutro. Swichi ikizimwa, feni husimama, lakini laivu imesalia ndani hadi kwenye ncha za feni. Atakayeingiza mkono kubadilisha feni 'iliyozimwa' atapigwa na volti 240 ikiwa plagi imo ukutani. Neno 'kuzima' nalo limedanganya: lilitaja kilichoonekana, wala si hali ya waya.

Katika isimu hali hii ni polisemia ya kiashiria kimoja katika mifumo kadhaa. Msemaji huondoa utata wa 'paa' kwa muktadha. Karakanani muktadha hausaidii, kwa sababu mifumo yote imo ndani ya sanduku lile lile. Kinachosaidia ni kuacha kutaja rangi na kutaja kazi.

6. Hatua za kufunga feni

Hatua zifuatazo zimeandikwa kwa istilahi za kazi ili msomaji aone tofauti.

(i) Chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Usiguse bomba la kioo wala waya mnene unaoingia ubavuni mwake, kwa maana huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kasha kuzimwa.

(ii) Soma kibandiko cha feni: aina ya mkondo, volti, hezi na ampea. Feni isiyo na kibandiko isifungwe kwa kubahatisha.

(iii) Izungushe feni kwa kidole. Ikiwa nzito, safisha mapanga. Feni ya bushi huweza kufufuliwa kwa matone machache ya mafuta mepesi ya mashine chini ya kibandiko. Feni ya beringi inayokwaruza ni bora ibadilishwe.

(iv) Katika plagi ya pini tatu, funga laivu ya kasha kwenye ncha yenye herufi L, nyutro kwenye N na athi kwenye E. Thibitisha kila waya kwa mita huku plagi ikiwa imechomolewa: swichi ya kasha ikiwashwa na kuzimwa, njia inayokatika lazima iwe ile ya L.

(v) Feni ya mkondo geu ya volti 115 iunganishwe na upande wa volti 120 wa transfoma. Fremu yake ya chuma iunganishwe na athi.

(vi) Feni ya volti 12 iunganishwe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye kifaa cha mkondo mnyoofu. Feni ya ampea 0.15 hutumia wati 1.8 tu, mzigo mdogo kwa kifaa kizima.

(vii) Weka fyuzi inayolingana na mzigo. Kasha la wati 150 kwa volti 240 huvuta takriban ampea 0.6; fyuzi ya ampea 3 kwenye plagi hutosha, na ile ya ampea 13 ni kubwa mno.

(viii) Lehemu maungio, yafunike kwa kihami, kisha funga nyaya mbali na mapanga. Funga kasha kabla ya kuchomeka plagi na kulijaribu.

Hatua hizi zinahusu kasha peke yake. Kazi ya nyaya za nyumba nchini Kenya ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli.

7. Tathmini ya istilahi

Vigezo vya kupimia istilahi vimejadiliwa sana katika Afrika Mashariki, na wanafunzi wengi hukariri kifupisho PEGITOSCA cha Kiingi, ambacho huanza na usahihi na hujumuisha uwekevu, uzalishi, ukimataifa, uwazi na ukubalifu. Mfano wa feni unaonyesha kuwa vigezo hivyo huweza kugombana.

Chukua tafsiri sisisi 'waya hai'. Ina uwazi wa kuvutia, lakini humfanya msikilizaji aunde kinyume chake, 'waya mfu', na kuupachika kwenye nyutro. Nyutro haijafa: feni inapozunguka, mkondo ule ule unaopita katika laivu hupita katika nyutro, na nyutro iliyokatika njiani huweza kuua. Uwazi huu hutoa habari ya uongo. Maneno yaliyotoholewa, 'laivu', 'nyutro' na 'athi', hayana uwazi kwa anayeyasikia mara ya kwanza, lakini hayadanganyi. Ni mafupi, yamekubalika karakanani, na herufi L, N na E zilizochongwa kwenye plagi huyakumbusha. Kwa mkondo mnyoofu, 'chanya' na 'hasi' yamekwisha kuzoeleka kupitia hisabati, nayo yanafaa.

Neno 'moto' lina tatizo la pekee katika mada ya upozaji. 'Feni haina moto' yaweza kumaanisha kwamba haipati umeme, jambo la hatari kwa kasha, au kwamba haijachemka, jambo jema. Karakanani upanuzi huu wa maana unaeleweka. Katika maandishi ya mafunzo ni afadhali 'umeme' kwa maana ya kwanza na 'joto' kwa maana ya pili.

Jina la kifaa chenyewe nalo lina visawe. 'Feni' limetoka Kiingereza. 'Panka' na 'pangaboi' yana asili ya Kihindi na husikika zaidi Tanzania, hasa kwa feni ya darini. 'Kipepeo' lina mzizi wa Kibantu, lakini ni pia jina la mdudu. Kwa kijifaa kilichomo ndani ya mashine, 'feni ya kupozea' ni istilahi iliyo wazi zaidi.

Mwisho ni suala la matamshi na tahajia. Kitenzi cha kutoa joto ni 'poza', kauli ya kusababisha ya 'poa'. 'Pooza' ni kupatwa na ugonjwa wa kutoweza kusogeza viungo. Tofauti ni irabu moja, na katika hati ya ufundi tofauti hiyo hugeuza ripoti nzima: feni iliyopoza imetenda kazi yake, feni iliyopooza ndiyo inayopelekwa kwa fundi.

8. Hitimisho

Feni ndogo ya kasha kuukuu inatosha kuonyesha kwamba dhana hutangulia jina, na kwamba jina lililotokana na sura hudumu kwa muda tu sura hiyo inapodumu. Rangi hubadilishwa na nchi, na viwango vya kila kizazi. Kazi ya laivu ni ile ile Chicago, Sirari na Homa Bay. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeandika mwongozo wa ufundi ana wajibu wa kukaa kwanza na fundi, amwulize kila waya unafanya nini, ndipo achague neno. Na fundi anayefundisha kwa Kiswahili anastahili kupewa maneno ambayo mwanagenzi wake anaweza kuyaamini akiwa ameingiza mkono ndani ya kasha.

Maswali ya mjadala

1. Tofautisha utata wa neno 'paa' na utata wa 'waya mweusi' kwa kuzingatia nafasi ya muktadha.
2. 'Istilahi yenye uwazi ni bora kuliko iliyotoholewa.' Jadili kwa mifano ya 'waya hai' na 'laivu'.
3. Kusanya majina matano ya vifaa vya umeme yanayotumika katika karakana iliyo karibu nawe. Eleza mbinu iliyotumika kuunda kila moja, na iwapo linataja sura au kazi.
4. Andika upya maelekezo 'Ule mweusi uunge na mweusi' ili yawe salama katika mifumo yote minne ya rangi.